Pikipiki kutoka vipuri vya zamani: ufundi, usalama na wajibu wa kisheria wa fundi wa karakana ya nyumbani

Nyuma ya nyumba nyingi nchini, chini ya turubai au kando ya banda la kuku, hulala pikipiki ambayo haijawaka kwa miaka mingi. Tangi limeliwa na kutu, tairi zimepasuka, na pengine injini ilikwishahamishiwa chombo kingine. Kwa mwenye nyumba, hicho ni chuma chakavu kinachosubiri mnunuzi wa kupima kwa kilo. Kwa fundi mwenye ujuzi na subira, ni chombo kinachoweza kurudi barabarani kikiwa na sura mpya, injini ya pikipiki nyingine na magurudumu ya pikipiki ya tatu.

Ufundi huo una faida zinazoonekana. Huokoa vipuri ambavyo vingeishia kuyeyushwa, huwapa vijana nafasi ya kujifunza umakanika kwa vitendo, na humwezesha mwenye kipato kidogo kupata usafiri kwa kununua kipande kimoja baada ya kingine. Lakini kazi hiyohiyo, ikifanywa bila kufuata utaratibu, inaweza kumfikisha fundi kituo cha polisi kwa fremu asiyoweza kueleza aliipata wapi, au kumfikisha mteja wake hospitali kwa breki iliyokataa kushika. Makala haya yanaeleza hatua za kazi hiyo kwa mpangilio unaostahili kufuatwa, kuanzia ununuzi wa fremu hadi ukaguzi wa mwisho kabla ya chombo kuingia barabarani.

Ufundi wenye historia ndefu

Kuunda pikipiki moja kutokana na mbili au tatu si jambo geni duniani. Nchini Marekani, baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, waendeshaji walinunua pikipiki zilizobaki jeshini, wakakata mabawa ya matope na kuondoa kila kitu kisicho cha lazima ili kupunguza uzito. Nchini Uingereza, katika miaka ya 1950 na 1960, vijana waliokutana katika migahawa ya kando ya barabara, ukiwamo Ace Cafe wa London, walijenga pikipiki iliyopata umaarufu kwa jina la Triton. Jina hilo lilitokana na Triumph na Norton. Fremu ya Norton iliyoitwa Featherbed, iliyobuniwa na ndugu wa familia ya McCandless wa Belfast na kuanza kutumika katika mashindano mwaka 1950, ilisifika kwa utulivu kwenye kona. Injini ya Triumph yenye silinda mbili ilisifika kwa nguvu. Mafundi wa nyumbani waliviunganisha viwili hivyo na kupata chombo ambacho hakuna kati ya viwanda hivyo viwili kilichokiuza.

Mfano mwingine unaotajwa sana ni wa Burt Munro, mkazi wa Invercargill, New Zealand. Mwaka 1920 alinunua pikipiki aina ya Indian Scout yenye injini ya takriban cc 600, ambayo ilipotoka kiwandani ilikuwa na mwendo wa juu usiofika kilomita 90 kwa saa. Kwa zaidi ya miaka 40 aliirekebisha katika banda lake, akimimina pistoni zake mwenyewe kwa kutumia makopo kama kalibu, na akitengeneza kwa mkono vipuri ambavyo hakumudu kuvinunua. Vipuri vilivyovunjika katika majaribio hakuvitupa. Alivipanga kwenye rafu kama kumbukumbu ya kila kosa. Agosti 1967, akiwa na umri wa miaka 68, aliweka rekodi ya dunia ya pikipiki zenye injini chini ya cc 1,000 katika uwanda wa chumvi wa Bonneville, jimbo la Utah, Marekani.

Kisa cha Munro kina mafunzo mawili kwa fundi wa leo. La kwanza ni thamani ya kumbukumbu zilizoandikwa. Mwaka 2014, miaka 36 baada ya kifo chake, rekodi hiyo ilisahihishwa kutoka maili 183.586 hadi 184.087 kwa saa, sawa na takriban kilomita 296, baada ya mwanawe kubaini kosa la hesabu katika karatasi za wakati ule. Karatasi zingekuwa zimetupwa, kosa lisingegundulika. Funzo la pili ni kwamba chombo kile kilijengwa kwa ajili ya uwanda mtupu wa chumvi usio na watoto wanaovuka, mabasi wala mashimo. Pikipiki ya barabarani ina masharti yake, na sharti la kwanza ni kusimama pale dereva anapotaka isimame.

Kwa nini vipuri vya zamani huingiliana

Swali la kawaida ni namna gani injini ya pikipiki moja inaweza kukaa katika fremu ya nyingine. Jibu lipo katika historia ya viwanda. Mwaka 1976 kampuni ya Honda ya Japani ilianza kuuza pikipiki ya CG125, iliyosanifiwa kwa kuzingatia nchi zinazoendelea, ambako chombo hubeba mzigo mzito na wakati mwingine hukaa muda mrefu bila huduma. Badala ya mnyororo mrefu wa kuendesha valvu juu ya silinda, injini hiyo ilitumia fimbo za kusukuma, mfumo wenye vipande vichache vya kurekebishwa. Baadaye viwanda vingi vya China vilitengeneza injini za muundo huohuo, na nyingi zimeingia Afrika Mashariki ndani ya pikipiki zinazobeba abiria na mizigo. Ndiyo maana kipuri cha pikipiki ya leo mara nyingine hukaa bila shida katika injini ya miaka mingi iliyopita.

Mwingiliano huo una mipaka. Pikipiki za Uingereza zilizoingia enzi za ukoloni zilitumia nati na boliti za vipimo vya Kiingereza, ambavyo meno yake hayalingani na ya vipimo vya milimita. Boliti ya milimita ikilazimishwa katika tundu la kipimo cha Kiingereza huweza kuingia mizunguko miwili au mitatu na kuonekana imeshika, kumbe imekula meno na itaachia chombo kikianza kutetemeka. Fundi anayepokea pikipiki ya aina hiyo anapaswa kupima meno ya kila boliti kabla ya kukaza.

Pikipiki za Vespa, ambazo zimezoeleka sana Zanzibar, nazo zina tabia yake. Hazina fremu ya mabomba; bodi yenyewe ya bati lililokunjwa ndiyo inayobeba uzito wote. Kwa chombo kilichokaa karibu na bahari, kutu kwenye sakafu ya Vespa ni ugonjwa wa uti wa mgongo. Kupiga rangi juu ya kutu hiyo ni kuficha udhaifu ambao dereva atauona siku bodi itakapopinda.

Hatua ya kwanza: fremu ni ya nani?

Mafundi wengi huanza na injini kwa sababu ndiyo inayovutia. Utaratibu sahihi ni kuanza na fremu, kwa kuwa fremu ndiyo inayobeba namba ya chesisi, na namba hiyo ndiyo utambulisho wa chombo mbele ya sheria. Injini inaweza kubadilishwa na mabadiliko yakaandikwa. Fremu isiyo na historia inayoeleweka huiangusha kazi yote, hata kama imejengwa kwa ustadi wa hali ya juu.

Kabla ya kutoa fedha, mnunuzi anapaswa kuisoma namba ya chesisi kwa macho yake, aisafishe kwa brashi laini na kitambaa bila kutumia tupa wala msasa, kisha ailinganishe na kadi ya usajili. Dalili za kutilia shaka ni pamoja na herufi zisizo na mstari mmoja, sehemu ya chuma iliyosuguliwa kuizunguka namba, rangi mpya mahali hapo peke yake, au kipande cha bati kilichochomelewa juu. Kufuta au kubadili namba ya chesisi ni kosa, na kukutwa na mali inayodhaniwa kuwa ya wizi bila kuweza kueleza ilivyopatikana ni kosa jingine. Kauli ya "niliinunua kwa fundi wa mtaani" bila karatasi haimsaidii mnunuzi.

Nyaraka za msingi ni kadi halisi ya usajili, mkataba wa mauziano wenye majina, saini na namba za vitambulisho vya pande zote mbili pamoja na mashahidi, na uthibitisho wa taarifa za usajili kutoka Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), ambayo ndiyo inayosajili vyombo vya moto Tanzania Bara. Kwa chombo kilichonunuliwa katika mnada wa hadhara, stakabadhi na hati za mnada zitunzwe. Kwa fremu iliyoingizwa kutoka nje ya nchi, nyaraka za forodha ndizo mwanzo wa historia yake hapa nchini. Wananchi wa Zanzibar wanapaswa kufuata utaratibu wa mamlaka za Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar zinazohusika na usajili.

Injini nayo ina namba yake. Fundi anayenunua injini peke yake anapaswa kudai karatasi kama anavyodai za fremu, na aandike ilitoka katika chombo gani. Anayefikiria kutengeneza fremu mpya kabisa kwa mikono yake afike kwanza TRA na Kikosi cha Usalama Barabarani kuuliza masharti kabla hajakata bomba la kwanza, kwa kuwa fremu ya namna hiyo haina namba ya mtengenezaji inayotambulika.

Hatua ya pili: kupima fremu kabla ya kuipenda

Fremu ikishathibitishwa uhalali wake, huvuliwa kila kitu na kusafishwa hadi chuma kionekane. Maeneo ya kukagua kwa makini ni kichwa cha usukani, viungio vya chini ya injini, na mahali mkono wa gurudumu la nyuma unapofungwa. Nyufa nyembamba kama unywele hujificha chini ya rangi. Kamba iliyonyooshwa kutoka katikati ya kichwa cha usukani hadi katikati ya ekseli ya nyuma huonesha haraka kama fremu imepinda kutokana na ajali ya zamani.

Jaribu kubwa katika hatua hii ni kutaka kubadili sura: kurefusha uma wa mbele, kushusha kiti au kukata sehemu ya nyuma. Fundi anapaswa kujua athari za anachokigusa. Mstari wa kufikirika unaopita katikati ya kichwa cha usukani hugusa ardhi mbele kidogo ya pale tairi la mbele linapokanyaga. Umbali huo mfupi ndio unaolifanya gurudumu la mbele lijinyooshe lenyewe, kama gurudumu la toroli linavyofuata nyuma ya egemeo lake. Umbali ukipunguzwa mno, usukani huwa mwepesi na huweza kutikisika katika mwendo wa kasi. Ukiongezwa mno, pikipiki huwa ngumu kugeuza katika mwendo wa pole, hasa ikiwa na abiria. Urefu wa uma, kipenyo cha gurudumu na urefu wa shokapu za nyuma vyote huubadilisha umbali huo.

Kuchomelea fremu si kazi ya kujifunzia. Mchomeleo unaoonekana mnene na mzuri kwa juu unaweza kuwa haukupenya ndani ya chuma, na moto uliozidi hudhoofisha bomba pembeni mwa mchomeleo. Kazi ya kichwa cha usukani na mkono wa nyuma ipelekwe kwa fundi mchomeleaji mwenye ujuzi uliothibitishwa, hata kama kazi nyingine zote zinafanyika nyumbani.

Hatua ya tatu: injini, ujazo na daraja la leseni

Injini ya zamani hufunguliwa, husafishwa na kupimwa. Silinda huchakaa kwa namna isiyo sawa, hivyo hupimwa juu, katikati na chini, kwa pande mbili zinazopingana. Uchakavu ukizidi kiwango, silinda hukerezwa kwa mashine na kuwekewa pistoni kubwa kidogo. Kwa kawaida pistoni hizo huuzwa kwa hatua za milimita 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00 zaidi ya kipimo cha awali.

Hesabu ndogo hapa ina uzito. Injini ya CG125 ina silinda yenye kipenyo cha milimita 56.5, na pistoni husafiri milimita 49.5. Ujazo wake ni takriban cc 124. Silinda ikikerezwa kwa milimita moja nzima, ujazo hufikia takriban cc 128.5. Tofauti ni ndogo kwa nguvu, lakini cc 125 ndiyo mpaka unaotenganisha madaraja ya leseni ya udereva wa pikipiki: daraja A1 ni la pikipiki zenye ujazo ulio chini ya hapo, na daraja A ni la zenye ujazo unaozidi hapo. Suala huwa wazi zaidi pale fundi anapoondoa injini ya cc 110 na kuweka ya cc 150. Mwenye chombo aliyekuwa na leseni sahihi jana anaweza kuwa anaendesha leo chombo kisichoruhusiwa na leseni yake, bila mwenyewe kutambua.

Kubadili injini kunaambatana na kubadili meno ya sproketi. Sproketi ya mbele yenye meno 15 na ya nyuma yenye meno 45 hufanya injini izungushe sproketi ya mbele mara tatu kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu. Ya mbele ikiwa na meno 14, uwiano hufika takriban 3.2, chombo hupanda mlima kwa nguvu zaidi lakini hupoteza mwendo wa juu. Anayekusudia kubeba mzigo katika maeneo ya milima na anayekusudia kusafiri tambarare hawahitaji uwiano mmoja.

Hatua ya nne: breki na tairi

Pikipiki nyingi za zamani zilisanifiwa kwa injini dogo na mwendo wa wakati wake. Anayeongeza nguvu ya injini bila kuongeza uwezo wa breki amefanya nusu ya kazi, na nusu iliyobaki ndiyo inayoua. Ngoma ya breki iliyochakaa hadi kuwa na mfereji ndani haiponywi kwa kubadili viatu pekee, kwa kuwa kiatu kipya hugusa sehemu ndogo tu ya ngoma. Waya wa breki uliokatika hata nyuzi mbili hubadilishwa, haufungwi. Kwa breki za mafuta, bomba la mpira la miaka mingi hubadilishwa hata kama halivuji, na mafuta ya breki hutumika yaleyale yaliyoandikwa kwenye kifuniko cha chupa yake. Mafuta ya DOT 5, yenye asili ya silikoni, hayachanganywi na ya DOT 3 au DOT 4.

Lipo pia hatari lisiloonekana. Viatu vya breki vya zamani vilitengenezwa kwa asbestosi, madini ambayo vumbi lake likivutwa husababisha magonjwa ya mapafu, ikiwamo saratani. Mazoea ya kupuliza vumbi la ngoma kwa mdomo au kwa kompresa yanapaswa kuachwa. Vumbi hilo lilowanishwe, lifutwe kwa kitambaa chenye maji, na kitambaa hicho kifungwe ndani ya mfuko kabla ya kutupwa mahali salama pasipofikiwa na watoto.

Tairi nalo lina umri wake. Pembeni mwa tairi zilizotengenezwa tangu mwaka 2000 kuna tarakimu nne za mwisho zinazoonesha wiki na mwaka: 2319, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye tarakimu tatu lilitengenezwa kabla ya hapo, na halifai kurudi barabarani hata kama kashata zake bado ni ndefu, kwa kuwa mpira hukauka na kupoteza mshiko.

Hatua ya tano: umeme na taa

Pikipiki nyingi za zamani zilitumia umeme wa volti 6, ilhali vifaa vya sasa ni vya volti 12. Taa ya wati 35 kwa volti 12 huvuta takriban ampea 2.9, kwa volti 6 huvuta takriban ampea 5.8. Fundi anayechanganya vipuri vya mifumo miwili asipozingatia hilo huunguza balbu, betri au waya wenyewe. Waya wa zamani ambao ganda lake limekauka na kupasuka hubadilishwa wote, na kila mkondo uwe na fyuzi inayolingana nao. Moto wa pikipiki huanzia mara nyingi mahali waya ulio wazi unapogusa fremu chini ya tangi la mafuta.

Taa ya mbele inahitaji uangalizi wa pekee. Taa iliyotengenezwa kwa nchi ambako magari huendeshwa upande wa kulia hutupa mwanga wake wa chini kuelekea kulia. Ikitumika Tanzania, ambako magari huendeshwa upande wa kushoto, mwanga huo huingia moja kwa moja machoni mwa dereva anayekuja.

Karakana ya nyumbani na jirani

Karakana iliyo uani ni sehemu ya makazi ya watu. Tangi tupu la petroli ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke uliobaki ndani ukichanganyika na hewa hulipuka kwa cheche moja. Tangi halichomelewi hadi lioshwe kikamilifu na kukaguliwa na anayejua kazi hiyo. Petroli haitumiki kuosha vipuri ndani ya chumba, na kizimamoto kinachofaa kwa moto wa mafuta kiwe karibu na mlango, mahali panapofikika hata moto ukianzia mezani.

Oili iliyotumika haimwagwi katika mtaro, shimo la choo wala shambani, kwa kuwa huharibu udongo na maji. Ikusanywe katika chombo chenye kifuniko na kukabidhiwa kwa wakusanyaji wanaotambuliwa. Kelele za majaribio ya injini nazo zina mipaka; sailensa ni kifaa cha lazima cha chombo cha barabarani, na majirani wana haki ya utulivu.

Kabla ya kuingia barabarani

Kazi ikikamilika, chombo hakiingii barabarani siku hiyo. Jaribio la kwanza hufanyika mahali palipofungwa, kwa mwendo wa mtu anayekimbia, kwa ajili ya breki peke yake. Baada ya hapo kila nati hukazwa upya, kwa kuwa mtetemo wa safari ya kwanza hulegeza vilivyokazwa mezani. Zoezi hilo hurudiwa hadi ipite safari nzima bila nati hata moja kulegea.

Kisha zifuatwe taratibu za kisheria. Mabadiliko ya injini, rangi au umbo yaripotiwe TRA ili kumbukumbu za usajili zifanane na chombo chenyewe. Chombo kifikishwe kwa mkaguzi wa magari wa Jeshi la Polisi, Kikosi cha Usalama Barabarani, kwa mujibu wa Sheria ya Usalama Barabarani. Kikatiwe angalau bima ya mtu wa tatu, ambayo ni ya lazima kwa chombo chochote cha moto barabarani. Kikikusudiwa kubeba abiria kwa malipo, leseni ya usafirishaji hutolewa chini ya Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA). Kwa kuwa ada na fomu hubadilika, mwananchi athibitishe masharti ya sasa katika ofisi husika kabla ya kuanza kazi, asisubiri hadi amalize.

Kwa vijana wenye kipaji hiki, njia ya kukifanya kuwa ajira rasmi ipo. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) hutoa mafunzo ya umakanika na uchomeleaji, na ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, ambao humwezesha fundi aliyejifunzia mtaani kupimwa na kupata cheti. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), lililoanzishwa mwaka 1973, hutoa mafunzo na ushauri kwa wenye karakana ndogo. Cheti hakimfanyi mtu kuwa fundi bora kwa usiku mmoja, lakini humpa mteja sababu ya kumwamini, na humpa fundi mwenyewe nafasi ya kuomba kazi kubwa.

Jambo la mwisho halihitaji spana. Kila fundi anayeunda pikipiki kwa vipuri vya zamani anapaswa kufungua jalada moja kwa kila chombo, lenye picha za namba ya chesisi na ya injini, mikataba ya ununuzi, stakabadhi za vipuri, vipimo vya silinda, na tarehe ya kila badiliko. Jalada hilo humlinda siku askari atakapouliza, humsaidia siku kipuri kitakapovunjika, na humfuata mnunuzi siku chombo kitakapouzwa. Pikipiki yenye jalada kamili ni mali inayouzika. Isiyo nalo, hata ikiwaka kwa pigo la kwanza, bado ina deni la maelezo.